Kamera Tatu na Jicho la Kushoto

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nne asubuhi, na paa la karakana limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya mashine ya kukatia lenzi. Nimetega ndoo. Jioni nimenunua daftari hili, kwa sababu nimejitwisha kazi nisiyoijua na nataka niwe na pa kulalamikia.

Ni miaka kumi na tisa sasa nakaa chumba cha nyuma cha kliniki ya macho, nakata lenzi na kuzitia kwenye fremu. Kinachonifanya nisichoke ni kitu kimoja tu, uso wa mtu anapovaa miwani yake ya kwanza. Huinua kichwa, hutazama ukutani, kisha hunyamaza. Kuna mama mmoja muuza mboga aliniuliza kama ule mti wa nje siku zote ulikuwa na majani mojamoja vile. Nyuso hizo nimekuwa nikizipiga picha kwa simu, kwa ruhusa ya wenyewe. Wiki iliyopita Daktari aliziona, akataka kumi zitundikwe chumba cha kusubiria, kubwa kubwa, kabla mvua hazijaisha. Nikasema sawa kabla sijafikiri. Picha za simu yangu zikikuzwa zinakuwa uji. Kwa hiyo nina umri wa miaka hamsini na mitatu na natafuta kamera yangu ya kwanza, kamera hasa, ya kubadilisha lenzi na ya kuchungulia kwa jicho.

Nimemwambia Mama. Mama naishi naye, na macho yake yalizimika kabisa miaka minane iliyopita. Amecheka mpaka akashika ubavu.

"Nyumba ina watu wawili," akasema. "Mmoja haoni, na mwingine haridhiki na anachoona."

Jumatano, 4 Machi

Nimesoma mtandaoni saa nzima. Mmoja anasema anayeanza asinunue kamera kubwa. Wa pili anasema anayeanza akinunua ndogo atajuta. Wa tatu anasema kamera si kitu, lenzi ndiyo kila kitu, na huyo nimemwelewa kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepita duka kubwa la vifaa vya umeme. Kijana wa kaunta amenionyesha sanduku zuri lenye picha ya kamera juu yake. Nikaomba kuishika. Akasema sanduku halifunguliwi mpaka nilipe. Nikamwambia mimi fremu hata ya bei ya chini kabisa nampa mteja aivae, ajitazame kwenye kioo, aende mlangoni na kurudi. Akasema hiyo ni miwani. Nikaondoka.

Jumamosi, 7 Machi

Siku mbaya. Naiandika yote.

Mhudumu wa mapokezi alinielekeza kwa muuza kamera zilizotumika, chumba chembamba juu ya duka la madaftari. Watu humwita Bwana Mikanda, kwa sababu hutembea na mikanda mitatu minne ya kamera shingoni hata kama kamera zenyewe ziko rafuni. Ni wa rika langu, mpole, miwani imemkalia puani upande. Kila kamera ameifungia kikaratasi cha dosari zake: hii ilianguka, hii kitufe kimoja ni kigumu, hii imeshapiga picha elfu sitini. Nimempenda palepale. Wauzaji wanaoandika ubaya wa bidhaa zao ni wachache.

Alinichagulia tatu. Ya kwanza ndogo, nyepesi, inaingia kwenye mkoba. Ya pili ya kati, karibu mpya. Ya tatu kubwa, nzito kama tofali, rangi imebanduka pembeni kwa kushikwa. Kila moja kabla ya kunipa alifanya vilevile: akasukuma miwani yake hadi kipajini, akachungulia, akaichezeachezea kamera kwa kidole gumba, akabofya mara mbili, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akanikabidhi.

Nikaipeleka ya kwanza jichoni, nikatazama dirishani. Ukungu. Jengo la mbele lilikuwa na kingo mbili mbili, na maandishi ya bango lake yamevimba. Nikasugua jicho. Ukungu uleule. Nikachukua ya pili, ukungu. Ya tatu, ukungu.

Nikajipa moyo kwamba ni lenzi. Msimu wa mvua lenzi huota kuvu ndani, najua, tumeshatupa kadhaa kazini. Nikatoa tochi yangu ndogo nikamulika zote tatu kwa ndani. Safi. Bwana Mikanda akaniuliza kama namshuku, kwa upole lakini aliumia. Nikapiga picha moja, nikavaa miwani yangu ya kusomea, ile inayoning'inia kifuani mchana kutwa, nikaitazama picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Kali kama wembe. Hata nyufa za ukuta zinahesabika.

Kamera inaona, basi. Asiyeona ni mimi.

"Unaionaje, dada?" akauliza.

"Nzuri," nikasema. Nikamwambia nitarudi.

Njiani nimelowa na sikujali. Maradhi yaliyomla Mama macho ni presha ya macho. Hayaumi, hayawashi. Huanza kula pembeni kimya kimya, na mtu akija kushtuka amebakiwa na tundu la katikati, halafu hata hilo linafumbwa. Tena ni ya ukoo. Daktari ameniambia kila mwaka nipimwe, na kila mwaka nimemjibu kesho. Miaka sita ya kesho, na kiti cha kupimia kiko hatua kumi na mbili kutoka meza yangu.

Nyumba yetu ina jozi moja tu ya macho. Ndiyo inayokata lenzi, ndiyo inayomvusha Mama barabara, ndiyo inayomsomea dawa zake. Ikizimika hiyo, sijui tunaanzia wapi.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumanne, 10 Machi

Wote wamekwenda kula mchana, nikasimama mbele ya lile bango la herufi la kupimia. Nikafumba jicho moja, nikasoma hadi mstari wa chini kabisa bila kukosea. Nikafurahi kiasi cha kupumua mara mbili, nikakumbuka kwamba bango lile nimelitazama miaka kumi na tisa. Ningelisoma hata nikiwa nimelala. Kila mtu mjini anaweza kupimwa kwa bango lile isipokuwa mimi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimehesabu madirisha ya jengo lililo mbele ya kliniki. Jana yalikuwa arobaini na mawili, leo arobaini na mawili. Nimehesabu tena.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda na Mama kwa Bwana Mikanda, maana aling'ang'ania. Alisema kama nashindwa kuchagua kwa macho, yeye atachagua kwa masikio. Bwana Mikanda akalipokea jambo lile kwa uzito wote. Akamkalisha kwenye kiti chake, akambofyolea kamera moja moja karibu na sikio, kama fundi redio.

Ya kwanza, Mama akasema inakohoa. Ya pili inabamiza mlango kama mtu aliyekasirishwa na mumewe. Ya tatu, lile tofali, akaomba irudiwe.

"Hii inameza," akasema. "Mtu anayemeza anajua anakula nini. Chukua hii."

Mimi nikachungulia tena. Ukungu, tena umezidi, au mimi nimezidi kuutafuta. Nikasema ni nzuri ila nzito, nitafikiri. Tulipofika ngazini Mama akanishika mkono juu ya kiwiko, anavyofanya akitaka nisimkimbie.

"Sauti uliyosemea 'ni nzuri' ni ile ya kuwaambia wateja fremu imewapendeza. Una nini?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba sina kitu, na kwamba atazame ngazi. Atazame ngazi. Neno likatoka, na sikuweza kulirudisha. Mama akashuka vidato vyote kumi na vinne bila kunishika.

Jumatatu, 16 Machi

Mama anaongea na mimi kwa ndiyo na hapana.

Alhamisi, 19 Machi

Ndoo imejaa mara tatu leo. Mama bado.

Jumanne, 24 Machi

Nimefanya kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanagenzi: nimetia lenzi ya kulia upande wa kushoto. Mteja, mwalimu mstaafu, amevaa, akapepesuka, akashika meza. Daktari akanikinga kwa kusema fremu imepinda, akamwomba arudi kesho. Mteja alipotoka, Daktari akafunga mlango.

Daktari ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, ila akinyamaza mimi ndiye ninayejiona mdogo. Nikamwambia ni mvua, tone linaniangukia mkononi nikiwa kazini. Akatazama dari, akatazama ndoo, akanitazama mimi.

"Mama Fundi, kaa pale nikupime. Dakika kumi tu."

Nikasema kesho. Amekwenda kumpigia simu mtu wa mabati.

Siogopi kipimo. Naogopa sura ya Daktari baada ya kipimo. Naijua, nimeiona kupitia upenyo wa mlango alipompima Mama. Huweka kalamu chini kwanza.

Jumapili, 29 Machi

Nimefumba macho makusudi nikatembea kutoka chumbani hadi jikoni. Nimegonga meza, kiti, na mlango. Mama, aliyekuwa amekaa palepale, akauliza naigiza nini. Nikasema nimejikwaa. Akasema, "Mwenye macho haambiwi tazama," na huo ndio usemi mrefu kuliko zote alizonipa wiki hii.

Jumatano, 1 Aprili

Paa limezibwa. Sina tena kisingizio.

Jumatano, 8 Aprili

Naandika haraka, na safari hii si kwa woga.

Leo saa tano ameingia Bwana Mikanda kliniki, miwani yake imefungwa uzi. Aliikalia. Daktari akampima upya, na karatasi ikaja kwangu kama zinavyokuja zote. Minus mbili na nusu, macho yote mawili. Nikachagua lenzi, nikaiweka kwenye mashine, na wakati inazunguka nikawa namtazama kupitia mlango. Alikuwa ameshika simu yake karibu na pua, maana bila miwani mtu wa minus mbili na nusu haoni cha mbali. Saa ya ukutani kwake ni duara jeupe tu.

Na mimi nikamwona tena akilini, siku ile dukani kwake. Alisukuma miwani kipajini, akachungulia jengo la mbele, akaridhika.

Nikazima mashine. Mtu huyu bila miwani haoni mbali, lakini kwenye kamera anaona mbali bila miwani. Maana yake miwani yake imo ndani ya kamera.

Nimekaa kwenye kigoda nikajicheka peke yangu. Mtu yeyote wa mtaani angekutana na ule ukungu angevaa miwani yake ajaribu. Mimi sikuivaa, kwa sababu mimi ni fundi, na fundi anajua miwani ya kusomea si ya kutazamia mbali, huharibu. Ni kweli huharibu. Isipokuwa mbele yake pakiwa pameshawekwa lenzi ya mtu mwingine, hapo zinafutana.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekuwa mlangoni kwa Bwana Mikanda kabla hajafungua. Nikachukua lile tofali, nikavaa miwani ya kusomea, nikachungulia. Bango la jengo la mbele likasimama wima, herufi kwa herufi, hadi namba ya simu ya chini. Nimetazama mpaka jicho likatoa machozi.

Nikamuuliza anachezea nini kwa kidole gumba. Akanionyesha kigurudumu kidogo kando ya tundu la kuchungulia, hakizidi punje ya dengu. Ukikizungusha huku, kinamfaa asiyeona mbali. Ukikizungusha kule, kinamfaa mwingine. Akakizungusha mbele yangu, nikavua miwani, na dunia ikaja safi yenyewe.

"Kila kamera naijaribu kwa jicho langu, dada, kabla sijampa mtu," akasema. "Lazima nijue inaona."

"Halafu hurudishi?"

"Sijawahi kufikiria. Hakuna aliyelalamika."

"Wanafanya nini?"

"Wanasema nzuri, watarudi." Akatazama rafu zake zote zilizojaa, kamera moja baada ya nyingine. "Miaka minne," akasema polepole.

Nimeichukua ya tatu, inayomeza. Kabla sijaondoka tumezungusha vigurudumu vya kamera zote ishirini na sita, yeye akizungusha, mimi nikichungulia.

Nyumbani nimemweleza Mama kila kitu, kuanzia ukungu hadi ngazi. Nimemwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema amenisamehe tangu kidato cha saba cha ngazi zile, alikuwa anasubiri nijue kuomba. Halafu akasema, "Basi sasa nenda ukapimwe, maana huogopi tena." Nikamwambia sasa hakuna haja.

Jumatatu, 13 Aprili

Picha ya kwanza ya kazi: fundi mwashi mwenye vumbi kwenye nyusi. Alipovaa miwani alitazama viganja vyake, akavigeuza, akasema kumbe ana makovu mengi hivi. Nimempata hapohapo.

Alhamisi, 16 Aprili

Picha kumi na saba zimeungua kwa mwanga mwingi, moja nzuri.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua kubwa, wateja wawili. Nimempiga picha mhudumu wa mapokezi akipiga miayo. Amedai niifute. Sijaifuta.

Jumatatu, 27 Aprili

Nina picha nane ninazoweza kumwonyesha mtu bila kuomba radhi kwanza. Nimegundua kwamba nachungulia kwa jicho la kushoto. Bwana Mikanda anasema wengi hutumia la kulia, lakini halina kosa, isipokuwa pua yangu inapaka mafuta kioo cha nyuma. Namshangaa yule mwanamke wa mwezi Machi aliyekuwa akihesabu madirisha. Alikuwa mjinga kweli.

Jumanne, 5 Mei

Leo Daktari amezitandaza picha kwenye kompyuta tuchague. Mhudumu wa mapokezi alisimama nyuma yetu. Daktari akamsifia mwashi, akamsifia mwalimu mstaafu, ambaye alirudi na akakubali kupigwa picha. Kisha akasogeza uso karibu.

"Mama Fundi, hii pembe ya juu kulia una ugomvi nayo?"

Nikatazama. Kwenye picha ya mwashi, juu kulia, kuna mpini wa ufagio. Kwenye ya mwalimu, mlango wa kabati uko wazi na koti la mtu limening'inia. Kwenye ya kondakta wa basi kuna mkono mzima wa mhudumu wa mapokezi, umeshika kikombe. Nane kwa nane. Pembe ileile. Mhudumu akacheka, akasema ndiyo kujifunza huko, hata shangazi yake hukata watu vichwa. Daktari hakucheka. Mkono wake uliacha kusogeza picha.

Mimi si mtu wa kuacha ufagio kwenye picha. Huwa natazama pembe zote nne kabla sijabofya, kama ninavyotazama kingo za lenzi kabla sijaitoa mashineni. Nilizitazama. Ufagio haukuwepo.

Jumatano, 6 Mei

Nimeomba ruhusa ya kuondoka saa tisa. Nimefika nyumbani bado jua liko juu. Nimepanga vitabu mezani, nimeweka kamera juu yake isitikisike, nimeielekeza ukuta wa sebule. Ukutani katikati kuna msumari wa kalenda. Juu kulia, karibu na dari, kuna taa.

Nimechungulia kwa jicho la kulia, nimekazia msumari. Taa ipo, pembeni, inawaka.

Nimechungulia kwa jicho la kushoto, nimekazia msumari. Taa hakuna.

Si giza. Ningeona giza ningepiga kelele. Ni ukuta mweupe tu, safi, umejaziwa vizuri kabisa, kama vile taa haijawahi kufungwa pale. Nikarudi jicho la kulia: taa. La kushoto: ukuta. Taa imezimwa na kuwashwa mara tano, nikimwomba Mama abonyeze swichi bila kumwambia kwa nini. Kwa jicho la kushoto haikuwaka hata mara moja.

"Mwanangu," Mama akasema kutoka swichini, "unapima nini?"

Nikamwambia. Sikuweza kutafuta sauti nyingine. Akaja kwa kufuata ukuta, akakaa kando yangu, akapapasa mpaka akaipata kamera, akaiwekea mkono juu.

"Mimi hakuna aliyenifumba jicho moja," akasema. "Nilikuwa natazama kwa yote mawili, moja likificha pengo la mwenzake. Naona taa, naona watu, najua sina tatizo. Nilipokuja kulifumba moja ilikuwa kwa sababu ya vumbi tu, na nusu ya chumba haikuwepo."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Miaka minane nimemtia dawa, nimemkatia kucha, sijawahi kumuuliza siku ya kwanza ilikuwaje.

Nikamwambia naogopa. Akasema anajua, amenisikia nikigonga meza ile Jumapili. Kinyozi hajinyoi, akasema, lakini wewe una kinyozi mwingine hatua kumi na mbili tu, na kesho asubuhi tunakwenda wote, nitakaa mlangoni, ukitaka kutoka utanikanyaga.

Alhamisi, 7 Mei

Amekaa mlangoni kweli.

Daktari hakuuliza kitu. Nadhani alikuwa ananingoja tangu juzi. Kwanza ile mashine inayopuliza hewa jichoni. Kisha kipimo cha bakuli: unaweka kidevu, unafumbwa jicho moja, unakazia nukta ya katikati ya bakuli jeupe, na kila unapoona cheche ya mwanga popote unabonyeza kitufe. Nimewakalisha watu mamia mbele ya bakuli lile, nikiwaambia ni rahisi.

Jicho la kulia nilibonyeza karibu mfululizo. La kushoto nilianza vizuri, halafu pakaja kimya. Mashine inavuma. Najua mwanga unawaka mahali, kwa sababu mashine haipumziki, na mimi nimeshika kitufe nasubiri. Nikatamani kubonyeza tu, nidanganye. Kidole kilisogea. Nikakumbuka ufagio, nikakiacha kitulie.

Karatasi ikatoka. Daktari akaisoma akiwa amesimama. Akaweka kalamu chini. Nikashika mikono ya kiti.

"Presha iko juu macho yote mawili," akasema. "La kushoto limeshapoteza kipande, juu upande wa pua. La kulia ni zima. Kilichopotea hakirudi, Mama Fundi, sitakudanganya. Lakini kilichobaki ni kingi na kinalindika. Tone moja kila jicho kila jioni, maisha yote, na mimi nakupima kila baada ya miezi minne, na neno kesho sitaki kulisikia."

Nikauliza kazi. Akasema kazi nitaifanya mpaka niichoke. Nikauliza ingekuwaje kama ningekuja baada ya miaka mitano. Alitazama mlangoni, ambako Mama alikuwa amekaa ameshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Nimelia. Daktari akanipa zile karatasi laini tunazofutia lenzi. Nikamwambia hizo ni ghali. Akasema futa.

Ijumaa, 8 Mei

Tone la kwanza limeangukia shavuni. La pili limeingia.

Jumapili, 10 Mei

Mvua ya manyunyu. Natamani kuandika kwamba sina hofu. Ninayo. Lakini ile ya Machi ilikuwa haina umbo, ilikaa kila mahali. Hii ina pembe moja, na najua ilipo.

Nimeanza kuchungulia kwa jicho la kulia. Picha zote zinakwenda upande kama mlevi.

Jumapili, 17 Mei

Picha ziko tisa. Mama ameuliza ya kumi ni ya nani. Nikasema sijui, watu wa miwani ya kwanza wamepungua. Akasema kuna mmoja ameanza matone ya kwanza, kwani si sawasawa? Nikasema siwezi kujipiga picha mwenyewe. Akanyoosha mikono.

Nimemfungia mkanda shingoni, nimemwekea kidole kwenye kitufe. Nimekaa kiti cha upande wa pili wa meza. Akaniambia nizungumze ili ajue niko wapi.

"Niseme nini?"

"Sema unachokiona."

Nikaanza kumsomea chumba. Pazia, meza, ndoo ya karakana ambayo sasa tunaoteshea maua, kalenda, taa. Kamera ikahama taratibu mkononi mwake, ikitafuta sauti, ikapanda, ikatulia. Ikameza.

"Nimekupata?"

Nikavaa miwani, nikatazama kioo cha nyuma. Karibu picha nzima ni pazia na ukingo wa meza. Mimi niko juu kabisa, kulia, kwenye pembe, mdomo wazi katikati ya neno, sikio moja limekatwa.

"Umenipata," nikasema, nikamwambia ni wapi.

Akafikiri kidogo. "Hapo ndipo sauti ilipotoka," akasema, akaomba chai.

Alhamisi, 28 Mei

Hakuna mvua siku ya sita. Picha zimetundikwa zote kumi. Yangu Daktari ameiweka mwisho, karibu na mlango wa karakana. Bwana Mikanda amekuja na miwani mpya, amezitazama moja moja, ameuliza ya mwisho imepigwa na nani. Nikamwambia. Akatazama tena kwa muda mrefu, kisha akaniambia ameuza kamera nne mwezi huu.

Watu walipokwisha kuondoka nimesimama mbele ya ile ya mwisho, karibu, kama mteja. Nimefumba jicho la kulia, nimekazia katikati, pale penye mkunjo wa pazia. Sipo. Pazia limeenea hadi juu, safi, halina mtu.

Nimegeuza shingo kidogo, nikajiona.